Mheshimiwa Aliyekosa wa Kumwitikia

Palikuwa na nchi yenye bendera, wimbo wa taifa na mashimo barabarani kama nchi nyingine zote, kwa hiyo msomaji asijichoshe kuitafuta kwenye ramani. Watu wake walijulikana kwa jambo moja tu: salamu. Huko mtu akikutana na mwenziwe hakumaliza kwa "hujambo, sijambo" akapita zake. Aliuliza mwili, akauliza usingizi, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza mbuzi, akauliza mvua ya kule kwa mashemeji, kisha akarudi mwanzo: "Enhe, kwa hiyo hamjambo kabisa?" Inasemekana bwana arusi mmoja alikutana na mjomba wake njiani akienda kuoa. Walipomaliza kuamkiana, bibi arusi alikuwa ameshaolewa na mtu aliyepita njia ya mkato, na ana ujauzito.

Serikali ikaona hii ni hasara. Mtaalamu mmoja aliyesoma ng'ambo, huko ambako watu huishi ghorofa moja hadi wazeeke bila kujuana na uchumi unakua, aliandika kwamba nguvu kazi yote ya taifa inavujia kwenye "hawajambo". Muswada ukapelekwa bungeni. Ulikuwa mfupi kama mkia wa sungura: "Kutakuwa na Mamlaka ya Kudhibiti Salamu. Mengineyo yatawekwa na kanuni." Waheshimiwa walipoona sheria yenyewe ni mstari mmoja na nusu, waligonga meza kwa furaha, wakaipitisha, wakawahi chakula cha mchana.

Mengineyo yalikuja baadaye, yamebebwa na lori la mchanga.

Ndani ya mengineyo hayo iliandikwa kwamba salamu halali ni "jambo", na jibu lake ni "jambo". Kuuliza afya kulihitaji kibali cha daraja la pili. Kuuliza watoto, daraja la tatu na picha za watoto. Mwenye kutaka habari za mbuzi alete barua ya daktari wa mifugo. Shikamoo iliruhusiwa, ila anayepewa aonyeshe kwanza cheti cha kuzaliwa, na anayeitoa aonyeshe chake, visomwe na mtu wa tatu asiye na undugu na yeyote kati yao. Kuuliza hali ya mashemeji kulipigwa marufuku kabisa, na hapo, tuseme kweli, baadhi ya wananchi walishukuru.

Msomaji atauliza: je, bunge la nchi ile halikuwa na jicho? Lilikuwa nalo. Lilikuwa na Kamati ya Kuchunguza Kanuni, yenye mhuri wake na chumba chake chini ya ngazi, nyuma ya jiko la kantini, mahali ambapo harufu ya vitunguu ilihudhuria vikao vyote bila kukosa. Kila kanuni ililetwa pale. Kamati ikikaa ikasema "hapana", kanuni inatenguliwa. Kamati isiposema kitu mpaka bunge linaahirishwa, kanuni imekubaliwa, kwa kuwa wakubwa wa nchi ile waliamini kwamba anyamazaye ameridhika. Wakati huo wote wa kusubiri, kanuni yenyewe ilikuwa inaendelea kufanya kazi mitaani. Ni sawa na kumpa mtu chakula, akila ukamwuliza kama amekaribishwa.

Hapo zamani kamati ilikuwa na wajumbe wa kujaa chumba. Lakini kila mjumbe aliyeuliza swali gumu kuhusu mamlaka fulani aliteuliwa kuwa mkurugenzi kwenye bodi ya mamlaka hiyohiyo, ili akapate jibu kwa ukaribu. Waliouliza maswali mepesi nao waliteuliwa, kwa adabu yao. Aliyekuwa na mazoea ya kusinzia aliteuliwa akiwa usingizini, akaamka mkurugenzi. Mwishowe akabaki mmoja, Mheshimiwa Kitwana Mavere, mbunge wa Mlimani.

Hakubaki kwa ushujaa. Siku ya uteuzi mkubwa alikuwa kwao anamzika mkewe, Bi Nasra, na hakuna aliyemkumbuka. Aliporudi na kanzu ya msiba alikuta viti vitupu na chupa ya chai iliyopoa. Tangu hapo akawa mwenyekiti, makamu na mjumbe wa kawaida, na kwa kuwa hakuwa na wa kumpinga, akajizoeza kujipinga mwenyewe. Alikuwa akisema jambo akiwa kiti cha mbele, kisha anazunguka kiti cha nyuma kujiuliza, "Mwenyekiti, una hakika?" Halafu anarudi mbele kwa shida, maana mgongo ulikuwa mbovu, na kujibu, "Sina."

Nyumbani kulikuwa vilevile, ila bila vitunguu. Watoto wake walikuwa mbali, kila mmoja na shughuli zake. Jokofu lilinguruma, saa ikagonga, basi. Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani: kila alfajiri alisimama uani na mswaki mdomoni, na upande wa pili wa ukuta alikuwapo Bi Siwatu, mjane muuza maandazi, akimwagilia mchicha wake.

"Umeamkaje, jirani?"

"Nimeamka, Bi Siwatu. Mgongo ndio umebaki kitandani."

"Ukaubebe basi, usije ukaibwa! Usingizi ulikuja?"

"Ulipiga hodi, ukaona mtu mwenyewe mmoja, ukaondoka."

"Haya, na maji umekunywa? Wewe hunywi maji wewe."

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya mdomoni tu. Kwa Mheshimiwa yalikuwa ndiyo chakula. Siku nzima iliyobaki alikuwa akiyacheua kama ng'ombe.

Sasa basi. Asubuhi moja baada ya lori lile la mchanga kupita, alisimama uani, akatoa mswaki, akasema, "Umeamkaje, jirani?" Bi Siwatu akaweka kidole mdomoni. Akaonyesha kwa jicho. Juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye nguzo ya umeme alikuwa amekaa Afande Lugoha, Mkaguzi wa Salamu wa mtaa, kidaftari magotini, sikio limetegwa kama la paka.

"Jambo," akasema Bi Siwatu.

"Bi Siwatu, jamani..."

"Jambo, Mheshimiwa. Jiko langu wamelichukua jana, kwa kumwuliza mteja kama homa imepoa. Jambo." Akainua ndoo, akaingia ndani, mchicha nusu haujapata maji.

Mheshimiwa alisimama pale mpaka povu la dawa ya meno likamkaukia kidevuni. Alikuwa amepitisha kanuni nyingi kwa kunyamaza: ya ukubwa wa vifungo, ya mwendo wa kuku sokoni, ya rangi ya moshi. Hii, akajiapiza, haipiti. Ikipita, atakaa ndani ya nyumba ile na jokofu mpaka kufa kwake.

Tatizo likawa la kikao. Kanuni za bunge zilitaka wajumbe wawili, ndiyo akidi; mtu mmoja hata akijipinga vipi haitwi kikao. Tena kikao kilifunguliwa kwa salamu kamili za kale: mwenyekiti amwulize mjumbe mwili, nyumba, jimbo na mvua, na mjumbe aitikie yote. Bila hivyo, walioketi humo ni watu waliochoka tu. Na salamu kamili, kama ujuavyo, Mamlaka ilikuwa imeshazizuia. Kwa hiyo ili kuichunguza kanuni ilibidi kwanza kuivunja, na aliyeivunja alikamatwa kabla hajaichunguza. Mtaalamu wa ng'ambo alipoulizwa kama alikusudia hivyo, alisema hakukusudia, ila alijipongeza.

Haikupita muda, Mamlaka ikamkumbuka Mheshimiwa. Akaja dereva na gari jeusi, kumchukua kwenda kumwona Mkurugenzi Mkuu, Daktari Mhandisi Sakawa, mtu mwenye tumbo lililoingia chumbani kabla yake na vyeo vilivyoingia kabla ya tumbo.

"Mheshimiwa Mavere!" akanguruma Daktari Mhandisi. "Bodi yetu ina kiti kimoja kitupu. Kinakulilia. Na ujue, ndani ya chumba cha bodi kanuni zetu hazifanyi kazi. Humu tunasalimiana! Kila kikao, asubuhi mpaka adhuhuri, hatufanyi jambo jingine. Karibu usikie, usitie saini kitu."

Wangemletea gari angelikataa. Wangemletea kiwanja angewacheka. Walikuwa wamemletea kiu yake mwenyewe kwenye bilauri.

Mlango ukafunguliwa. Wakurugenzi wote walikuwa wenzake wa kamati ya zamani, wamenawiri, na kila mmoja akainuka na mikono miwili.

"Mheshimiwa! Habari za siku tele!"

"Nzuri, ndugu zangu, nzuri..."

"Nyumbani hawajambo?"

Mheshimiwa alikuwa hajaulizwa hivyo tangu msiba. "Nyumbani hakuna mtu," akasema.

"Alhamdulillahi!" wakaitikia. "Na mama watoto, mzima?"

"Alifariki. Mwaka juzi."

"Safi sana! Na mvua huko kwenu?"

Akawatazama. Midomo ilikuwa inacheka, macho yanatazama sambusa. Walikuwa wakiamkiana kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Wa mwisho mezani peke yake alikuwa ameacha kutafuna: Mheshimiwa Pazi Lukole, mbunge wa Bondeni, ambaye aliinamisha kichwa akaanza kuhesabu maua ya kitambaa cha meza.

"Nashukuru," Mheshimiwa akamwambia Daktari Mhandisi. "Kiti hiki kinalia kweli. Lakini hakinililii mimi."

Nje, kwenye kivuli cha gari, Pazi akamfuata mbio, sahani bado mkononi.

Inafaa ielezwe kwamba watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usikasirike. Ukifa, ndiye anayechimba kaburi, na akishuka ndani anajilaza kwanza ajaribu kama litakutosha, watu wacheke katikati ya kilio. Kazi hiyo hafanyi ndugu. Na Bi Nasra alipozikwa, Pazi hakuja.

"Pazi," akasema Mheshimiwa, "jina lako bado limo kwenye kamati. Waliokuteua walisahau kukutoa. Njoo kesho tukae wawili."

"Kitwana, wewe mwendawazimu. Ukifungua tu mdomo, Lugoha anatuweka ndani."

"Nilimzika mke wangu bila mtani, Pazi. Kaburi lilichimbwa na watu wenye huzuni tupu. Hakucheka mtu hata mmoja."

Pazi akaitazama sahani yake, akakosa pa kuiweka.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho," akasema Mheshimiwa. "Jioni bunge linaahirishwa. Sitakuita tena."

Kesho yake Mheshimiwa aliwahi chumba cha chini ya ngazi, akafuta vumbi kiti kimoja cha ziada. Afande Lugoha alishafika, ameketi pembeni na pingu zake, maana Mamlaka ilikuwa na haki ya kuhudhuria uchunguzi wake yenyewe. Asubuhi ikapita. Kantini wakakaanga, wakapakua, wakaosha vyombo. Mheshimiwa na Afande waliangaliana bila neno, na wote wawili walijua kila saa inayopita kwa kimya ni saa ya kuridhika.

Bunge likikaribia kuahirishwa, mlango ukasukumwa. Pazi. Jasho limemlowesha, tai ameivua. Akaketi. Afande akachomoa kalamu.

Mheshimiwa akainuka kufungua kikao. Akafungua mdomo aulize mwili, akaiona kalamu, akaufunga. Ndipo macho yake yalipogongana na ya Pazi, na maneno yakatoka yenyewe kama kikohozi:

"We mla vyura! Kumbe bado hujafa?"

Kalamu ya Afande ikasimama hewani.

Pazi akakodoa macho. Halafu kitu kikamwamka usoni, kitu cha kale. "Nife, nimwachie nani kazi ya kukuzika, bahili we? Huo mgongo uliopinda kama ndoana umenyooshwa, au bado unaangulia nao mapera?"

"Unauma kuliko ulimi wako! Na kwako je, mkeo amekukimbia?"

"Akimbilie wapi, kwako? Kwako hata panya wamehama kwa upweke!"

Mheshimiwa akashika ukingo wa meza. Pazi akaona amepiga palepale, akapunguza sauti, lakini hakuacha, maana mtani haachi njiani.

"Ningekuja kulilalia lile kaburi, Kitwana, ningelalamika ni fupi. Ningesema bahili amebania hata shimo. Nasra angecheka."

"Angecheka," akasema Mheshimiwa, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. "Na jimboni kwako, mbwa wa Bondeni we, bado mnafuga mbu?"

"Tunawafuga, tunawanenepesha kwa mvua! Kwenu mvua hainyeshi, inaogopa kuombwa mkopo!"

"Mwili, nyumba, jimbo na mvua, vyote vimeulizwa vikaitikiwa. Basi kikao kimefunguliwa!"

"Hakijafunguliwa!" Afande akaruka. "Mmesalimiana kinyume cha kanuni!"

"Soma kanuni zenu zinasema salamu ni nini," akasema Mheshimiwa.

Afande akafunua kitabu, akalamba kidole, akasoma kwa sauti ya mahakama: "'Salamu maana yake ni maneno ya mtu kumtakia mwenziwe heri.'"

"Umesikia heri yoyote humu?"

Afande alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake. "Sijaisikia," akakiri.

Wakainua mikono miwili, wa kwanza na wa pili, na kanuni za salamu zikatenguliwa kihalali.

Mji mzima ungepaswa kupiga vigelegele. Haukupiga, kwa sababu haukuambiwa. Kutengua ni kazi ya kamati. Kutangaza kwamba kumetenguliwa ni kazi ya mamlaka inayohusika. Daktari Mhandisi Sakawa alisema anaiheshimu sana kamati, na tangazo litatolewa mara tu kanuni za kutoa matangazo zitakapokamilika. Pazi alivuliwa ukurugenzi, akaamriwa kwenda kuishi jimboni kwake miongoni mwa wapigakura wake. Nchi ile haikuwa na adhabu nzito kuliko hiyo. Aliondoka kwa basi la asubuhi, bila kuaga. Kuaga nako kulikuwa chini ya Mamlaka.

Mheshimiwa akarudi uani. Safari hii hakubeba mswaki.

"Bi Siwatu! Nimeiua ile kanuni. Imekufa. Umeamkaje?"

Bi Siwatu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Imetangazwa?"

"Bado kutangazwa."

"Basi, jambo," akasema, lakini hakuinua ndoo. Jiko lake lilikuwa bado huko Mamlaka. Alichobakiwa nacho ni mchicha. Alisimama akiutazama kama aliyesahau mchicha ni wa nini. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayetupa kitu mtoni: "Mgongo je?"

Katika nchi ile, mtu akiulizwa hali husema salama hata kama amelala juu ya machela. Ndiyo ada. Mheshimiwa alikuwa ameisubiri ile "je" kwa muda mrefu hata ada ikampotea.

"Mgongo ni mzima," akasema. "Nyumba, Bi Siwatu. Nyumba ndiyo inaniuma."

Bi Siwatu akaingia kwake. Mheshimiwa akasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, ndara zikipita barabarani, na lango lake yeye, ambalo halikuwa limeguswa na mgeni tangu msiba, likilia kwa kutu. Miaka yote walikuwa majirani wa ukutani. Akaja na kigoda chake kwapani, akakiweka uani, akaketi. Mheshimiwa akavuta kiti, akaketi kando yake.

Hawakusemezana. Kusema kulikuwa bado kuna hatari, na kukaa kimya pamoja hakukuwa kumeandikwa popote. Jua likapanda. Nzi akatua kwenye goti la Mheshimiwa. Bi Siwatu akamfukuza kwa ncha ya khanga, bila neno.

Afande Lugoha alishuka kwenye ngazi, akaja mpaka langoni. Akatega sikio. Hakuna kitu. Akafunua kitabu cha kanuni, akakipekua toka mwanzo mpaka mwisho, akakifunga. Tangu apewe kazi ile alishinda akisikiliza salamu za watu wengine, na yeye mwenyewe kila alipotokea watu walinyamaza, wakapitia mbali.

"Niko kazini," akawaambia, kwa ukali.

Hakuna aliyemwitikia. Mheshimiwa alisogeza tu kiti chake kidogo upande, na Afande akavua kofia, akaketi chini ukutani, akaendelea kusikiliza.